Meseji ya saa tatu usiku ilianzia asubuhi

Tangu Agosti 26, 2024, mfanyakazi nchini Australia ana haki ya kisheria ya kutosoma wala kujibu ujumbe wa bosi wake baada ya saa za kazi, ilimradi kukataa kwake kuwe na sababu ya msingi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyohiyo, haki hiyo ilifika hadi kwenye biashara ndogo zenye wafanyakazi wasiofika 15. Huku kwetu habari hizi zimepokelewa kama ushindi wa mnyonge: hatimaye mtu atakula chakula cha usiku na wanawe bila simu kutetemeka pembeni ya sahani. Furaha hiyo naielewa na naiunga mkono. Lakini naona mjadala mzima tumeushika upande mmoja. Tumemtazama anayepokea meseji saa tatu usiku. Hatujamtazama anayeituma, wala hatujauliza siku yake ilikwenda wapi tangu saa mbili asubuhi hata jambo la maana kuliko yote akalikumbuka akiwa tayari amevua viatu.

Hoja yangu ni kwamba meseji nyingi za usiku ni kazi ya kufikiri iliyokosa nafasi mchana. Na meneja aliyekosa nafasi hiyo hakuikosa kwa sababu anaongea mno na watu wake. Aliikosa kwa sababu kutwa nzima watu wake walikuwa wanamwomba ruhusa. Mazungumzo ya kazini hubeba mizigo miwili ambayo tumezoea kuifunga kwenye gunia moja: habari na ruhusa. Habari ni pale mtu wa mauzo anapokwambia alichokiona sokoni. Ruhusa ni pale mtunza stoo anapokuuliza kama ampe mteja mzigo. Habari humlisha meneja, ruhusa humla. Ofisi inayotaka meneja wake awe na muda wa kuiwazia kesho, na wakati huohuo timu isikilizane vizuri zaidi, haina sababu ya kupunguza mazungumzo. Ipunguze ruhusa, iache habari zimiminike. Sheria inayopima saa peke yake haiwezi kutofautisha mambo haya mawili, na hapo ndipo matumaini yetu yanapozidi uwezo wake.

Sheria za namna hii si ngeni. Ufaransa ilianza Januari 1, 2017, kwa kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zizungumze na wafanyakazi wao juu ya matumizi ya simu na barua pepe nje ya kazi. Ureno, baada ya miezi mirefu ya watu kufanyia kazi nyumbani wakati wa UVIKO, ilimwekea mwajiri mwaka 2021 wajibu wa kutomsumbua mfanyakazi aliye mapumzikoni. Jirani zetu Kenya waliingia kwenye mjadala mwaka 2022, Seneta Samson Cherargei alipopeleka muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira ili mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 10 awe na sera ya mawasiliano ya baada ya kazi. Shirikisho la Waajiri la Kenya lilipinga waziwazi. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kazi kwa wiki na saa tisa kwa siku, na inataka muda wa ziada ulipwe mara moja na nusu. Ila sheria hiyohiyo ina mlango ambao wengi hawauoni: masharti ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Yaani meneja. Saa 45 ni za walio chini yake. Yeye ameachiwa bila ukomo, kwa imani kwamba mtu mwenye cheo ana mamlaka juu ya muda wake mwenyewe. Imani hiyo haina ukweli, na nililiona hilo kwa macho yangu.

Mwaka jana nilikaa siku nzima na meneja wa tawi la kampuni moja ya kusambaza bidhaa za nyumbani, maeneo ya Chang'ombe, Dar es Salaam. Nilichukua daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa: kushoto habari, kulia ruhusa. Saa mbili na robo dereva aliingia na karatasi ya mafuta ya gari, akataka saini. Kabla hajatoka, mhasibu alisimama mlangoni na shilingi 45,000 za fundi aliyechomelea geti: zitoke au zisitoke? Kisha simu ya mtunza stoo. Mteja wa Mbagala anadaiwa, anataka katoni 20 za sabuni, apewe? Meneja akauliza, "Deni la lini?" Akajibiwa siku tisa. "Mpe." Saa tano swali lilelile, mteja wa Temeke, deni la siku kumi na moja. "Mpe." Saa tisa alasiri likarudi mara ya tatu, mteja wa Tandika, mwezi na nusu. "Asipewe mpaka alipe." Mara zote tatu alijibu bila hata kuinua kichwa kwenye karatasi aliyokuwa anaisoma. Kanuni anayo, na ni kanuni nzuri. Shida ni kwamba inaishi kichwani mwake tu, kwa hiyo kila anayeihitaji lazima aje agonge mlango. Jioni upande wa kulia wa daftari langu ulikuwa umejaa na kuingia ukurasa wa pili. Upande wa kushoto ulikuwa na mistari michache.

Mmoja kati ya mistari hiyo michache ndio ulionifanya niandike makala hii. Saa nne na nusu asubuhi kijana wa mauzo, akiwa amekuja kuchukua kitabu cha risiti, alisema kwa kupita kwamba maduka ya Mbagala yameanza kuletewa sabuni ya mshindani kwenye pakiti ndogo, za kiasi kile ambacho mama wa nyumbani hununua kwa chenji iliyobaki. Meneja alimtazama, akafungua mdomo, simu ikaita. "Tutaongea," akamwambia. Hawakuongea. Saa tatu na dakika ishirini usiku, nikiwa nyumbani kwangu, niliona meseji yake kwenye grupu la WhatsApp la tawi, ambalo alikuwa ameniingiza kwa siku ile: "Ile ishu ya pakiti ndogo Mbagala, nani ana bei zake? Naomba kesho asubuhi." Watu wanane walijibu "Sawa bosi". Kijana wa mauzo, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na jibu, hakuandika kitu. Pengine alikuwa amelala. Alikuwa na kila haki ya kulala.

Sasa tuipitishe siku hiyo kwenye sheria ya Australia, au kwenye muswada wa Kenya. Kitakachoguswa ni ile meseji ya usiku, ambayo ndiyo sentensi pekee ya kimkakati iliyotoka kwa meneja yule kwa saa kumi na tatu. Vitakavyobaki salama, kwa sababu vyote vilitokea ndani ya saa za kazi, ni ile karatasi ya mafuta, zile shilingi 45,000, na lile swali la deni lililoulizwa mara tatu. Mfanyakazi atalala vizuri zaidi, na hilo lina thamani yake kamili. Lakini tawi litaendelea kuongozwa na mtu asiyepata nafasi ya kuliwazia, na hali itakuwa mbaya zaidi kuliko mwanzo, kwa maana hata kile kijinafasi cha usiku kitakuwa hakina anayelazimika kumjibu.

Upande wa waajiri hoja yao kubwa ni kwamba kuna kazi zisizojua saa. Meli ikitia nanga bandarini usiku, wakala wa forodha hawezi kusema ataonana nayo asubuhi. Mashine ya kiwanda ikisimama saa nane usiku lazima mtu aamshwe. Wanasema kweli. Lakini kazi hizo zilikwishapata dawa yake zamani kabla ya simu za mkononi, nayo ni zamu. Hospitali haiwaamshi madaktari wote. Inamwamsha wa zamu. Ofisi inayotuma dharura kwenye grupu la watu 40 ili mmoja wao aione haina utaratibu wa dharura, ina bahati nasibu, na watu 39 wanaamshwa bure. Hoja hii inapigania zamu zilizopangwa na kulipwa. Haimpi mtu yeyote kibali cha kuwasumbua wote wakati wote.

Upande wa wafanyakazi, wanaosema sheria itatosha, nao wana lao. Wanasema bosi akibanwa usiku atalazimika kujipanga mchana. Ningependa iwe hivyo. Ninachokiona ni kwamba simu zetu sasa zina uwezo wa kupanga meseji itoke saa mbili kamili asubuhi, na meneja asiyepata muda wa kuwaza mchana ataandika usiku uleule, mambo yasubiri foleni, kisha yawaangukie watu kwa mkupuo wakiwa hawajaweka hata begi chini. Shinikizo litakuwa lilelile, limebadilisha saa tu.

Ipo hoja ya tatu, ambayo naiona dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayouzwa zaidi kwenye semina. Inasema muda ni nidhamu ya mtu binafsi: amka saa kumi alfajiri, andika malengo, zima runinga, na utapata saa mbili za kufikiri kabla dunia haijaamka. Anayeiamini hajawahi kujiuliza nani anaijaza siku ya meneja. Michael Porter na Nitin Nohria wa Chuo Kikuu cha Harvard walifuatilia muda wa wakurugenzi wakuu 27 wa kampuni kubwa na kutoa matokeo yao mwaka 2018. Hawa ni watu wenye makatibu, madereva na wasaidizi wa kupanga kila dakika. Wastani wao ulikuwa saa 62.5 za kazi kwa wiki, na asilimia 72 ya muda huo waliumalizia vikaoni. Kama nidhamu na kuamka mapema vingekuwa dawa, hawa wangekuwa wamepona. Siku ya meneja hujazwa na maamuzi ambayo wengine hawaruhusiwi kuyafanya. Ukimwongezea saa mbili alfajiri umeurefusha ukurasa wa daftari langu; mstari wa katikati umeuacha palepale. Na mwanamke mwenye cheo, ambaye alfajiri hiyohiyo anaandaa watoto wa shule, anaambiwa na semina hizi kwamba kushindwa kwake ni uvivu. Jambo hilo huniumiza kila ninapolisikia.

Hoja iliyonipa taabu kweli ni ya nne, na haitoki semina. Henry Mintzberg, msomi wa Kanada, aliwafuatilia wakurugenzi watano hatua kwa hatua miaka mingi kabla ya simu za mkononi, na akakuta nusu ya shughuli zao hazikufika dakika tisa. Alihitimisha kwamba kukatizwa si ugonjwa wa umeneja bali ndiyo asili yake. Meneja huyaelewa mambo kwa maneno yanayoletwa na watu wanaopita, kwa uvumi, kwa simu fupi. Ukimfungia chumbani na karatasi nyeupe umemkatia macho na masikio. Kwa mtazamo huo, makala yangu inataka kumtoa samaki majini. Nimeifikiria sana hoja hii na nakubali nusu yake. Ile habari ya pakiti ndogo isingefika kama mlango ungekuwa umefungwa. Ndiyo maana siungi mkono ofisi za bosi asiyeonekana, zenye katibu anayesema "yuko kikaoni" kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Ila Mintzberg alikuwa anawatetea watu waliokatizwa na habari. Kwenye daftari la Chang'ombe wanaokatiza ni wa ruhusa, na ruhusa haimfundishi meneja kitu. Kujua kwamba fundi wa geti anadai shilingi 45,000 hakumsaidii kujua tawi lake litakuwa wapi baada ya miaka miwili. Kibaya zaidi, ruhusa ndizo zilizoikata habari katikati: simu iliyoita saa nne na nusu, wakati kijana wa mauzo amefungua mdomo, ilikuwa ya mtu anayeomba saini.

Kwa nini basi ruhusa zimekuwa nyingi kiasi hiki? Jibu rahisi ni kwamba mabosi wetu wanapenda madaraka, na wapo wanaoyapenda. Mtu akikaa miaka bila kuulizwa kitu huanza kuogopa kwamba hahitajiki. Lakini nimezungumza na wafanyakazi wa chini kuhusu jambo hili, na nadhani chanzo kikubwa kiko kwao pia, na wana sababu. Katika ofisi zetu nyingi kosa lililoidhinishwa na bosi halina mwenyewe, ila kosa ulilolifanya bila kuuliza ni lako mpaka kaburini. Mtunza stoo yule anaijua kanuni ya deni. Amesikia majibu yale mara mia. Anauliza mara ya mia na moja kwa sababu akimpa mteja mzigo kwa akili yake na mteja akatoroka, atakatwa mshahara. Akiuliza na mteja akatoroka, "bosi alisema". Ruhusa kwake ni bima isiyo na malipo, na anayeilipia ni meneja, kwa muda wake. Juu ya hapo kuna hofu ya wizi, ambayo si ya kubezwa. Aliyewahi kuibiwa na mtu aliyemwamini hufunga kila droo. Ni haki yake. Ila saini haimzuii mwizi mwenye nia. Meneja anayesaini karatasi 50 kwa siku bila kuinua kichwa hasomi hata moja, na mwizi analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba dawa ya kwanza haihusu saa wala programu ya simu. Ni kuandika ukomo. Meneja achukue wiki moja, achore mstari wangu wa katikati, aone ni ruhusa zipi zinajirudia, kisha aziandikie kanuni kwa lugha ambayo mtunza stoo ataielewa: deni lisilozidi siku 14 na mteja hajawahi kukwepa, mpe, likizidi, asipewe, ukiwa na shaka, andika kwenye daftari na unipigie. Matumizi madogo hadi kiasi fulani kwa wiki, mhasibu aamue na aonyeshe risiti Ijumaa. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoishia njiani, atamke mbele ya wote kwamba kosa litakalofanywa ndani ya kanuni hiyo ni lake yeye meneja. Na siku kosa hilo litakapotokea, maana litatokea, alibebe kweli. Akimkata mshahara mtu aliyefuata kanuni, hata mara moja, kesho yake foleni ya ruhusa itarudi mlangoni ndefu kuliko mwanzo, na hakuna karatasi itakayoiondoa tena.

Zitabaki ruhusa ambazo kwa haki ni za meneja. Hizi zinahitaji kubadilishwa umbo, na umbo lenyewe tulikuwa nalo. Waliofanya kazi serikalini kabla ya simu janja wanalikumbuka dokezo sabili, yale maandishi mafupi ya ndani ya ofisi ya kumwomba mkubwa uamuzi. Ofisa hakuruhusiwa kumpandishia mkubwa wake swali tupu. Alieleza suala, akaeleza lilikotoka, akapima njia zilizopo, kisha akamalizia na "Naomba kushauri kwamba…" Mkubwa aliandika chini yake neno moja au mawili: nakubali, tujadili. Tulililaumu dokezo kwa kuchelewesha mambo na lilistahili lawama, kwa kuwa jalada liliweza kulala mezani wiki tatu. WhatsApp ilipokuja ikatupa kasi tuliyokuwa tunaililia, lakini katika kuhama tulidondosha njiani kitu cha thamani: lile sharti la aliye chini kufikiri kwanza. Leo meseji inapanda juu ikiwa picha ya barua na maneno mawili, "Bosi, hii?" na kazi yote ya kufikiri imehamishiwa kwa mtu mmoja.

Manesi wanalijua jambo hili vizuri kuliko maofisa, kwa kuwa kwao kosa ni uhai wa mtu. Upo utaratibu wa kutoa taarifa uliozaliwa kwenye nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani, ukaingizwa hospitalini na shirika la afya la Kaiser Permanente kule Colorado, na sasa unafundishwa sehemu nyingi duniani. Una hatua nne: hali ilivyo, historia yake, tathmini yako, pendekezo lako. Nesi hampigii daktari saa nane usiku kumwambia "Dokta, njoo, mgonjwa hali si nzuri." Anamwambia: mama wa kitanda cha nne presha imeshuka, 85 kwa 50, alijifungua saa mbili usiku, nadhani anavuja damu kwa ndani, nimeshamwekea dripu, naomba uje sasa hivi. Maneno machache, na daktari anakuja akiwa ameshaanza kufikiri. Itazame hatua ya tatu na ya nne. Zinampa nesi, ambaye kwa cheo ni mdogo, wajibu wa kuwa na maoni mbele ya mkubwa wake. Katika utamaduni wetu wa kazi, unaomfundisha mdogo kunyamaza hadi aulizwe, hayo ni mapinduzi, na yanafanyika bila kumvunjia mtu heshima. Ofisi inayokubaliana kwamba hakuna meseji ya kuomba uamuzi itakayotumwa bila pendekezo itaona mambo mawili baada ya miezi michache. Meseji zitapungua, kwa sababu nyingi, ukishaandika pendekezo, unagundua huhitaji kuuliza. Na meneja atawafahamu watu wake upya, kwa akili zao.

Muda ukishapatikana, ufanyiwe nini? Hapa napita haraka, maana kila kazi ina yake, ila jambo moja nalisema kwa uhakika: kufikiri kimkakati si kikao cha siku tatu Bagamoyo. Tunavijua vikao hivyo, na mpango mkakati wa miaka mitano unaorudi navyo ukiwa na jalada la kung'aa, ukawekwa kabatini kusubiri wakaguzi. Kufikiri ni tabia ya kila wiki. Saa mbili zisizokatizwa, siku ileile, na swali moja lililoandikwa juu ya karatasi: kwa nini maduka ya Mbagala yanataka pakiti ndogo? Zisiwe dakika ishirini ishirini zilizookotwa kati ya vikao. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi kabla haijaisha, sehemu ya akili yake hubaki kwenye kazi aliyoiacha, na mpya huifanya nusunusu. Na saa hizo si lazima ziwe za kukaa ofisini. Meneja wa usambazaji anayesimama dukani Mbagala alasiri moja, akitazama mikono ya wanunuzi, anafikiri vizuri kuliko aliyejifungia na kompyuta mpakato. Mintzberg nadhani angelikubali hilo.

Kwa upande wa timu, nashauri kikao kifupi cha asubuhi kibadilishiwe swali. Vikao vingi nilivyokaa vinauliza "jana umefanya nini?" Watu wanajibu kwa kujitetea, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayemsikiliza mwenzake kwa sababu kila mtu anaandaa zamu yake. Uliza "jana umeona nini, umesikia nini?" Kijana wa mauzo angekuwa na la kusema mbele ya wote, mtunza stoo angeongeza kwamba wateja wawili wamerudisha katoni kubwa, na habari mbili zilizokuwa zimelala kwenye vichwa viwili zingekutana kabla ya saa tatu asubuhi.

Kuna kikwazo ambacho sitakidogosha. Meneja wa tawi ana bosi wake. Anaweza kuandika kanuni zote, akafunga simu alasiri ya Alhamisi, na mkurugenzi kutoka makao makuu akaandika kwenye grupu la mameneja, "Naomba mauzo ya leo mpaka sasa," na tiki mbili za bluu zikasomwa kama dharau. Mtu wa katikati hawezi kuishinda hali hiyo peke yake. Anaweza kupunguza makali: apeleke takwimu saa ileile kila siku kabla hajaombwa, amweleze mkurugenzi mapema saa ambazo hatapatikana na nani atapokea simu badala yake. Lakini kama juu hawataki, atafika nusu ya njia. Ndiyo maana nasema mazungumzo haya yaanze kwa wakurugenzi na bodi, ambao hupenda kulalamika kwamba mameneja wao "hawana maono" huku wakiwadai takwimu kila baada ya saa moja.

Na kwa watunga sheria wetu, ikiwa siku moja Dodoma italeta muswada wa namna hii, naomba wasinakili saa tu. Muswada wa Kenya ulikuwa na punje nzuri ndani yake: ule wajibu wa mwajiri kuandika sera. Sera hiyo iseme nani yuko zamu na analipwaje. Iseme pia ni maamuzi gani mfanyakazi anaweza kuyafanya bila kumtafuta bosi, na kwamba hataadhibiwa akiyafanya ndani ya ukomo. Kwa biashara ya watu 15 hiyo ni karatasi ya ukurasa mmoja. Ingemlinda mtunza stoo kuliko saa yoyote ya ukutani, na ingemfikia hata meneja, ambaye sheria ya 2004 ilimwacha nje.

Nilirudi Chang'ombe miezi mitatu baadaye. Kanuni ya deni ilikuwa imebandikwa ukutani stoo, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, pembe moja imeshalowa mafuta. Meneja hakuwepo, niliambiwa ameenda Mbagala na kijana wa mauzo tangu saa nane. Nikakaa kwenye gunia la unga kumsubiri. Mteja alikuja na bajaji, anataka katoni 20. Mtunza stoo alifungua daftari, akapitisha kidole, akasoma tarehe kwa sauti ya chini. Akaita vijana wapakie. Kisha akatoa simu na kuandika kwenye grupu: "Temeke kapewa 20. Deni siku 6." Hakuna aliyejibu, na yeye hakusubiri jibu.